Kabla ya kuomba masomo ya juu ya fizikia: mwanafunzi achague utafiti gani?

Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Kibua. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tukipunguza marudio tu.



Komite imeniomba niseme juu ya jambo ambalo kwa wengi wetu linaonekana kuwa la mbali. Tuko na vijana wanaosoma fizikia, wengine Goma, wengine Bukavu. Wamekaribia kufanya kazi ya mwisho, ile tuliyozoea kuiita TFC, na baadaye wanataka kuomba nafasi ya master, na Mungu akipenda, ya udaktari wa sayansi. Wameleta barua: "Mutusaidie tufanye utafiti." Komite imewajibu kwa swali: tusaidie utafiti gani, na kwa nini huo na si mwingine?

Swali hilo si la kuwafungia mlango. Ni swali lile lile atakalouliza mtu wa chuo kikuu siku atakapofungua barua zao za maombi. Kwa hiyo tulijibu hapa nyumbani kwanza.

Najua pia swali la pili, hata kama halikuandikwa katika ajenda. Mama mmoja alilisema wazi katika kikao kilichopita: "Mimi nimerudi, nyumba yangu bado iko na tente juu, na munataka kulipia mutu akapime hewa?" Hilo nalo nitalijibu kabla ya kukaa chini.

Utafiti unafanya kazi gani katika maombi?

Anayesoma maombi kule Trieste, Kigali au Cape Town hakujui. Anaona alama zako, lakini alama hazisemi kila kitu. Kwetu Kongo, mwenye asilimia 70 ametoka jasho, na watu wanamshangilia. Kuna nchi ambako asilimia 70 ni alama ya kawaida tu. Msomaji wa mbali atajuaje tofauti hiyo?

Kitu anachoweza kukiamini ni barua ya mtu aliyekuona ukifanya kazi. Si barua inayosema "ni kijana mwenye nidhamu na bidii". Barua hiyo kila mtu anayo. Ni barua inayosema: alipewa swali fulani, akapima mara nyingi, namba moja ilipokuwa ya ajabu hakuificha bali alirudi kupima tena, na mwishoni alieleza kosa la kipimo lilitoka wapi. Barua kama hiyo haiwezi kuandikwa na mwalimu aliyekuona darasani kati ya watu mia mbili. Inaandikwa na mtu mliyekaa naye miezi sita juu ya kazi moja.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza. Ya pili ni yako mwenyewe: utajua kama unaipenda kazi hii. Kufaulu mtihani wa fizikia ni kujibu maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Utafiti ni kukaa na swali ambalo hata mwalimu wako hajui jibu lake. Wako vijana wenye alama kubwa ambao hilo linawachosha haraka, na wako wa alama za katikati ambao ndipo wanapoamka. Ni afadhali ujue kabla ya kuondoka nyumbani kwa miaka mitano.

Milango mitatu iliyo karibu nasi

Vijana wengi wanafikiri utafiti wa kweli uko mbali, kwenye mashine kubwa za Ulaya. Nchi yetu yenyewe si mgeni katika jambo hili. Kinu cha kwanza cha nyuklia cha utafiti katika Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu, kilianzishwa mwaka 1947, na hadi leo kina idara ya jiofizikia. Goma iko na Observatwari ya Volkano, OVG. Lakini mimi sitaki kuanza na majina ya mahali. Nataka kuanza na maswali ambayo watu wa Masisi na Walikale wanayajua kwa mwili wao.

Mlango wa kwanza ni radi. Hapa kwetu hakuna mzazi asiyejua hofu ya mvua ya mchana wakati watoto wako shuleni. Watafiti waliohesabu radi kwa setilaiti waliona kwamba eneo la Kabare, katika Kivu ya Kusini, linapata radi karibu 205 kwa kila kilometa mraba kila mwaka. Katika Afrika nzima hakuna palipozidi, na duniani palipopita hapo ni ziwa Maracaibo la Venezuela. Hesabu zile zilitoka katika chombo kilichokuwa ndani ya setilaiti iitwayo TRMM, kwa miaka ya 1998 hadi 2013, na data zake ziko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi anaweza kuuliza: katika Masisi na Walikale, radi zinapiga zaidi saa ngapi? Mwezi gani? Mlimani au bondeni? Kwa swali hilo hahitaji maabara. Anahitaji kompyuta nzima, mega za intaneti, na mtu wa kumfundisha kuandika programu ya kuhesabu.

Mlango wa pili ni mazuku na volkano. Wale waliokaa katika kambi za upande wa Mugunga na Bulengo hawahitaji kuelezwa neno hilo. Mazuku ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo inalala mabondeni na katika mashimo, hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo na jua kuitawanya. Mbuzi anaingia, hatoki. Mtoto anaingia, hatoki. Neno "mazuku" limetoka kwa watu wa hapa, na leo wanasayansi wa dunia nzima wanaliandika hivyo hivyo katika majarida yao. Mwanafunzi anaweza kupima hewa hiyo mahali pamoja, kwa saa mbalimbali, na kulinganisha na upepo, joto na mvua. Hiyo ni fizikia safi.

Na volkano yenyewe? Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 bila dalili za kawaida za kutangulia, na siku chache baadaye maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Sake na Masisi. Munakumbuka, wengine walilala katika nyumba zenu. Mwaka 2022 jarida la Nature, ambalo ni kati ya majarida makubwa kabisa ya sayansi, lilichapisha uchunguzi wa mlipuko huo. Ulitegemea vituo vya kupima matetemeko na mwendo wa ardhi vilivyo hapa hapa Kivu, na kati ya walioandika wako Wakongomani wa OVG. Basi kijana asiseme kwamba sayansi inafanyika mahali pengine.

Mlango wa tatu ni mawe yetu. Koltani ya Rubaya na kwingineko haina tantali peke yake, ndani yake mna pia urani na thori kidogo, na hizo zinatoa mionzi. Mwaka 2007 jarida la kimataifa la kinga ya mionzi lilitoa utafiti juu ya wachimbaji wa mikono wa koltani huku mashariki, Masisi ikiwamo. Ulionyesha kwamba hatari kubwa zaidi iko wakati wa kusaga na kuchekecha, kwa sababu ya vumbi linaloingia kwa pumzi. Ni vijana wangapi katika mkutano huu wamewahi kuchekecha madini bila kitambaa puani? Mwanafunzi anaweza kuendeleza kazi hiyo, ila huyu lazima apate maabara yenye chombo cha kupima miale ya gama, na mwalimu anayejua kukitumia.

Maswali manne ya kujiuliza

Milango yote mitatu ni mizuri. Sasa mtu achague namna gani? Ninawapa vijana maswali manne, na wazazi muyashike pia, ili muweze kuwauliza.

La kwanza: kazi hii itaisha? Una miezi sita au minane. Kazi ndogo iliyoisha inashinda kazi kubwa iliyokatika njiani. "Kuchunguza mazuku ya Kivu" ni kazi ya maisha ya watu kumi. "Mabadiliko ya kaboni dayoksaidi katika shimo moja, kwa wiki nane" ni kazi ya mwanafunzi mmoja. Tena tuko Kivu: barabara inakatika kwa mvua, na inakatika pia kwa bunduki. Ukichagua kazi inayodai ufike kilimani kila wiki, weka mpango wa pili: kama siwezi kufika, ni data gani nitakazokuwa nazo tayari? Hapo mlango wa radi una nguvu, kwa sababu data za setilaiti hazikimbii vita. Na nisikilizwe vizuri: hakuna kipimo kinachostahili roho ya mtu. Kusema "sikwenda kwa sababu hapakuwa salama" si aibu mbele ya mwalimu yeyote mwenye akili.

La pili: nani atakaa nami? Jina kubwa la profesa si msaada kama utamwona mara mbili tu, siku ya kuanza na siku ya kutetea. Asistanti anayekupokea kila wiki na kusoma karatasi yako atakufaa kuliko yeye. Kabla ya kukubali, muulize bila kuogopa: tutaonana mara ngapi? Wanafunzi waliokutangulia kwako walimaliza? Wako wapi leo? Kisha watafute hao wanafunzi, uwaulize wao pia.

La tatu: sehemu gani ni yako? Wako vijana wanaofanya staji ya miezi mitatu katika ofisi yenye jina, wanapanga mafaili, wanatoka na karatasi yenye mhuri. Mhuri ni mzuri ukutani. Lakini katika mahojiano ya master utaulizwa: "Wewe ulifanya nini?" Ukiwa umechora grafu moja kwa data ulizozisafisha mwenyewe, utaongea dakika ishirini bila kuchoka. Ukiwa umepanga mafaili, utanyamaza baada ya dakika mbili.

La nne: utatoka na ufundi gani? Somo la TFC si ndoa. Ukifanya radi leo, si lazima ufe na radi. Wanaochagua wanafunzi wanajua hilo, na hawadai kwamba kazi yako ya kwanza ifanane na ile utakayofanya kwao. Wanatafuta ufundi unaobebeka: kuandika programu, kuhesabu kosa la kipimo, kutengeneza chombo kilichoharibika, kusoma makala ya Kiingereza na kuyaelewa. Hata anayependa nadharia, yule wa hesabu na karatasi tupu, afanye kazi moja yenye data za kweli. Itamfundisha unyenyekevu, na itampa mkate siku nafasi za nadharia zikikosa.

Mtu akiniuliza nipange mlango upi kwanza kwa mwanafunzi ambaye hana feza, hana maabara, na hajui kama barabara itakuwa wazi, nitamwambia aanze na radi. Aliye Goma na amepata mtu wa kumwongoza, achukue mazuku. Koltani namwachia yule ambaye maabara imekwisha kumkubali kwa maandishi. Asiende kuzunguka na mawe katika mfuko akitafuta mashine.

Njia ziendazo mbele

Baada ya hapo, waombe wapi? Nataja zile zinazojulikana na zinazopokea watu kama sisi. Kigali iko taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, EAIFR, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, inayoshirikiana na kituo cha ICTP. AIMS nayo iko na shule Kigali, Senegal, Ghana, Kamerun na Afrika ya Kusini, ikitoa master ya hesabu za sayansi. ICTP yenyewe iko Trieste, Italia. Iliundwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1979, kwa kusudi kwamba mwanafizikia wa nchi maskini asikatwe na wenzake wa dunia. Wana diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi kama yetu. Iko pia Shule ya Afrika ya Fizikia, ASP, iliyoanza mwaka 2010 Afrika ya Kusini na kuhama nchi hadi nchi. Mwaka 2016 ilikuwa Kigali. Ile ni ya wiki chache, lakini mtu anakutana na walimu ambao baadaye wanaweza kumwandikia barua.

Kwa ndugu zetu waliopewa makao Marekani: watoto wenu wanaosoma fizikia kule wako na programu ziitwazo REU, zinazolipwa na serikali, za utafiti wakati wa likizo ya kiangazi. Zinawahitaji raia au wenye ukaazi wa kudumu. Mtoto aliyekwisha kupata kadi ya kijani aombe, asidhani ni za wenye nchi tu.

Sehemu kubwa ya milango hiyo inafundisha kwa Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Kijana asingoje siku ya kuomba ndipo ajifunze. Aandike muhtasari wa kazi yake kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na kuurudia kila mwezi. Kazi yake ya utafiti iwe ndiyo darasa lake la lugha.

Na mutahadhari na wezi. Iko majarida yanayokutumia ujumbe mtamu, "tumependa kazi yako, lipa tuichapishe kwa siku tatu". Hayo hayaongezi kitu katika maombi, yanaharibu jina lako. Iko na watu wanaosema watakupatia burse ukiwatumia feza kwa simu. Burse ya kweli inakulipia wewe. Haikuombi utume kitu kwa namba ya mtu. Mzazi, kabla ya kuuza mbuzi, lete ujumbe huo kwa komite tuusome pamoja.

Sasa, juu ya mabati

Nilisema nitamjibu yule mama. Mama, uko na haki. Chama hiki kilianzishwa na watu waliorudi na kukuta mashamba yamekuwa msitu na nyumba zimebaki nguzo. Feza ya mabati, ya mbegu na ya wagonjwa isiguswe kwa ajili ya fizikia, hata franka moja. Hilo naomba liandikwe katika ripoti.

Lakini nawaomba mufikiri kidogo. Tulipokuwa kambini, nani alitueleza kwa nini watoto walikufa bondeni asubuhi? Wachimbaji wetu wanapokohoa, nani anawapimia vumbi? Wanakuja watu wenye magari, wanapima, wanaondoka na karatasi zao, na sisi tunabaki na tulichokuwa nacho. Siku mmoja wa watoto wetu atakapokuwa ndiye anayepima, atatueleza kwa lugha yetu, na hataondoka na majibu. Faida hiyo haiji mwaka huu, siwadanganyi. Lakini muti wa kivuli hupandwa na watu ambao bado wanachomwa na jua.

Kwa hiyo naelekeza ombi kwa wafadhili na kwa ndugu wa nje. Mufungue mfuko wa pembeni, mdogo, kwa wanafunzi hawa. Musitununulie mashine kubwa: itakaa katika kanda bila umeme na bila fundi. Mutupe vitu vinavyofanya kazi: kompyuta iliyotumika lakini nzima, betri yake na sola ya kuichaji, mega za mwezi, tiketi ya moto na basi, na feza ya pasipoti. Vijana wetu wengi wanapokosa nafasi, si kwa akili. Ni kwa sababu barua ya kukubaliwa ilikuja na pasipoti haikuwapo.

Na kwa wanafunzi, napendekeza masharti matatu, mukutano uyapigie kura. Kwanza, anayeomba alete ukurasa mmoja: swali langu ni hili, nitalipima hivi, nitamaliza mwezi huu, na kama barabara ikifungwa nitafanya vile. Pili, alete jina la mwalimu aliyekubali kumwongoza, na sahihi yake. Tatu, akimaliza, arudi hapa Kibua, au akizuiliwa atume sauti kwa simu, atueleze kwa Kiswahili alichokiona, hivi kwamba bibi yake aelewe. Kama hawezi kumweleza bibi yake, hata wale wa Trieste hatawaeleza.

Vijana, musichague kazi kwa sababu jina lake linapendeza mdomoni. Chagueni swali munaloweza kulibeba hadi mwisho, pamoja na mtu atakayetembea nanyi. Wazazi, mutoto akirudi likizo na kusema anahesabu radi, musimcheke. Mumuulize amehesabu ngapi, na amejuaje.

Nasimamia hapo. Kura ipigwe.